Kasri la Kirusi la Lambwe

Mamlaka ya Makasri na Majengo ya Fahari ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba bonde la Lambwe limepata kasri la kihistoria la Kirusi. Kuta zake zilikuwa bado zinanuka rangi.

Aliyesoma tangazo ni Bwana Nyamhanga, Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, na hakucheka. Mwenyekiti wake, Mheshimiwa Motari, alikuwa amemtuma Urusi kutazama kasri la mwanamfalme mmoja, akarudi na picha. Motari akajijengea lake kwa pesa za Mamlaka: nguzo nyeupe, kuba la buluu, tanuri la vigae la kupasha joto kila chumba, na paa la mteremko mkali ili theluji iporomoke. Theluji ilikuwa haijafika Lambwe, lakini uongozi ni kujiandaa.

Mahakama ikaamuru nyumba hiyo ibomolewe, isipokuwa ikithibitika kuwa ya kihistoria.

"Basi ifanye ya kihistoria," Motari alimwambia Nyamhanga. "Mkaguzi yuko njiani. Ikianguka, na wewe unaanguka."

Nyamhanga akazitoa tena zile picha. Ndipo akakumbuka alivyoelezwa kule Urusi: kasri lile lilianza kama makao ya bwana mkubwa, likawa hospitali ya majeruhi, kisha shule, mwishowe makumbusho.

"Historia ni kubadilika kwa matumizi, Mheshimiwa. Tulibadilishe kidogo."

"Kwa muda?"

"Kwa muda wa kihistoria."

Motari akaridhika, akahamia hoteli moja Homa Bay.

Nyamhanga akamwendea Sista Jerusha, muuguzi wa zahanati ya jirani iliyoezuliwa paa na upepo. Akina mama walikuwa wanajifungulia chini ya turubai.

"Unataka hospitali ya kuigiza ama ya kweli?" Jerusha aliuliza.

"Ya kuonekana kama ya kweli."

"Hiyo siijui. Leta lori tubebe vitanda."

Siku hiyohiyo mama mmoja, Scovia, alijifungua mapacha katika ukumbi wa dansi. Matanuri yakachemsha maji. Nyamhanga alipewa pacha mmoja amshike kidogo tu, na kwa dakika chache akasahau kabisa kwamba yuko kazini.

Mkaguzi, Bi. Marion, alipofika kutoka Nairobi, Motari alikuja mbio kumkaribisha. Akapanda ngazi za marumaru na viatu vya matope. Jerusha akamzuia mlangoni.

"Baba, hii ni wodi ya akina mama. Wewe ni nani hapa?"

Marion akageuka asikie jibu. Neno "mwenye nyumba" lilimfika Motari kwenye meno, likakumbuka tingatinga la mahakama, likarudi tumboni.

"Mgeni tu," alisema.

"Umeleta mgonjwa?"

"Hapana."

"Basi saa za wageni zimeisha."

Motari alimkazia Nyamhanga macho ya kumfuta kazi. Nyamhanga hakuwahi kumpinga maishani. Lakini nyuma ya Mheshimiwa kulikuwa na mwanamke mjamzito akipanda ngazi, mkono kiunoni, akilia, "Mayoo!"

Nyamhanga akafungua milango yote miwili. "Mheshimiwa Mgeni," alisema kwa adabu zote za ofisi, "pisha njia."

Motari akapisha.

Jioni Marion alitoa uamuzi wake uani, mbele ya akina mama na waandishi wa habari. Jengo ni la kihistoria, lisibomolewe. Na ili kuilinda historia hiyo, matumizi yake yasibadilishwe tena kamwe.

Kamera zikamgeukia Mwenyekiti. Akapiga makofi.