Maikrofoni Isiyonisikia

Jumatatu, 4 Machi

Likizo imeanza. Wiki mbili bila idara ya maji, bila mafaili ya mita, bila bosi. Leo naanza maisha mapya. Nitakuwa na kipindi changu mtandaoni, moja kwa moja kutoka chumba cha nyuma. Jina ninalo tayari: "Mume na Nyumba Yake". Ushauri kwa wanaume wanaotaka kusikilizwa.

Mada naijua vizuri. Kazini nina miaka kumi na tisa na sijawahi kumaliza sentensi kwenye kikao. Nikifungua mdomo, bosi anaangalia saa. Inauma. Sijamwambia mtu. Tuendelee.

Mke wangu hakupinga. Aliweka sharti tu. Amepata kazi ya kushona sare za shule nzima na cherehani yake iko kwenye korido, kila apitaye anaigonga kwa goti. Kwa hiyo Jumamosi nikipata wasikilizaji hamsini, chumba ni changu. Nisipofikisha, inaingia cherehani. Nikamwambia hamsini ni dharau, aseme mia. Akasema haya, mia. Kwa nini mdomo wangu hauna breki?

Lakini ningefanyaje? Shemeji yangu Kinyozi, kaka yake mke wangu, ana wasikilizaji mia tatu, na anachofanya ni kunyoa watu huku akipiga soga, kimaikrofoni amekibana kwenye aproni. Mia tatu! Kwa habari za ndevu!

Mimi sibani kitu kwenye nguo. Nataka maikrofoni ya kweli. Nimesoma makala nne. Ya kwanza inasema nunua maikrofoni aina ya kondensa, inasikia kila kitu. Ya pili inasema usinunue kondensa, inasikia kila kitu. Ya tatu ina mchoro wa moyo na sikuelewa moyo unahusikaje. Ya nne inasema inategemea. Asubuhi nzima nimesoma ili niambiwe inategemea!

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda duka la vifaa vya sauti. Mwenye duka ni mama mtu mzima, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, swali analijibu kwa swali. Akauliza chumba changu kikoje. Nikasema kikubwa, kimetulia. Ukweli ni kwamba juu kuna bati, mlangoni kuna pazia, na upande wa pili wa pazia yupo mama mkwe, aliyekuja mwezi uliopita kutibiwa magoti. Mambo ya ndani hayasemwi dukani.

Akasema kama nyumba ina watu nichukue dainamiki, ile unayoisogelea mpaka karibu uibusu, haisikii vya mbali. Nikaitazama. Ndiyo ileile ya wauza dawa sokoni! Nikaonyesha kidole kondensa kubwa, rangi ya fedha, imekaa peke yake kwenye kabati la vioo. Hiyo ndiyo ya mtu mwenye jambo la kusema.

Nimefika nyumbani. Mwisho wa waya una pini tatu. Kompyuta haina tundu la pini tatu. Televisheni haina. Friji haina. Nimezunguka nyumba nzima na waya mkononi. Mama mkwe akauliza natafuta nini. Nikasema nakagua umeme. Akasema basi mkwe wangu nikagulie na taa ya chooni, wiki ya tatu hii haiwaki.

Jumatano, 6 Machi

Dukani tena. Kumbe ile inataka kisanduku chake cha katikati, na kisanduku nacho kina waya zake. Kichwa kikaniuma. Mwenye duka akanibadilishia nyingine, inayochomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta. Akaanza kunieleza inavyowekwa na upande gani wa nini. Nikamkatiza. Nimeshika maikrofoni kwenye harusi tatu, mtu huongelea kichwani, hilo sifundishwi. Akashusha miwani, akanitazama, akapandisha miwani.

Nimeisimamisha mezani. Ina nembo nzuri inayong'aa, nikaielekeza kwenye pazia ili kila anayeingia aione. Nikainama, nikaongelea kwa juu. Nikasikiliza.

Mungu wangu. Sauti yangu inatoka kisimani. Lakini redio ya mama mkwe, ng'ambo ya pazia, ni safi mpaka nimejua kesho kuna mvua. Sielewi. Mimi niko pua na maikrofoni, redio iko chumba kingine! Nimesoma makala ya pili tena. Nimeelewa kidogo kuliko mwanzo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimegundua. Tatizo ni mwangwi! Makala inasema chumba kiwekwe vitu laini. Nimekusanya mablanketi, mito, zulia la sebuleni. Godoro la mama mkwe nimelisimamisha ukutani nyuma yangu. Saa nane mchana akataka kunyoosha magoti. Akauliza godoro liko wapi. Nikasema liko kazini. Mke wangu aliacha kushona, akanitazama kwa muda mrefu.

Nikarekodi. Bado kisimani, ila sasa ni kisima chenye godoro. Cherehani ndiyo inasikika, kila sindano inaposhuka. Nikaamua maikrofoni imezubaa, inataka kuamshwa. Nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote. Mada ilikuwa "Usimfokee Mke Wako". Jirani akagonga dirisha, akauliza kama kuna usalama. Nikamwambia nafundisha upole.

Ijumaa, 8 Machi

Jaribio la hewani. Wasikilizaji wanne: mimi mwenyewe kwa simu, mwenzangu wa kazini aliyeingia kwa bahati mbaya, mtu asiyejulikana, na Shemeji Kinyozi. Kinyozi akaandika kwamba shemeji hatukusikii, ila kuna mama anasema chumvi imezidi. Wivu mtupu!

Ila leo naandika ukweli. Naogopa. Mia ni watu wengi. Nikishindwa kesho, nitarudi kazini kama nilivyotoka, na nyumbani sitakuwa na hata kona ya kusemea peke yangu.

Jumamosi, 9 Machi

SIKU KUU!

Nimevaa tai, ingawa ni sauti tu. Saa nne asubuhi. Nikawaomba mke wangu na mama mkwe wasipige kelele. Wakasema hawana kelele, wanashona vifungo tu.

Mada: "Namna ya Kusikilizwa Nyumbani". Dakika ya kwanza, wasikilizaji saba. Ya tano, ishirini. Ya kumi, themanini! Mia! Nikasimama. Mia mbili na kumi na nne!

Maoni yalimiminika hadi sikujua nisome yapi. Walicheka mahali ambapo sikufanya mzaha. Niliposema mume ndiye dira ya nyumba, mtu akaandika kwamba dira gani, ilipotea njia siku ya posa yake mwenyewe. Nilishtuka. Amejuaje? Mwingine akaandika: Mama, endelea. Mwingine: Mama usikatie hapo, godoro likawaje? Nikaona hawa ni watu wenye adabu, wanawasalimu mama zao hewani. Nami nikawasalimu mama zao wote.

Nimeshinda! Mke wangu hakubisha. Alikuwa ameficha uso kwenye sare, mabega yanatikisika. Nadhani ni fahari. Shemeji Kinyozi alipiga simu akashindwa kusema hata neno, anacheka tu, na nyuma yake saluni nzima inacheka. Baadaye akapata pumzi, akasema alikiweka kipindi kwenye spika na kuwaita wasikilizaji wake wote. Nikamshukuru. Wivu ukimtoka mtu, inapendeza.

Jumapili, 10 Machi

Nimesikiliza rekodi. Nimekaa chini.

Simo. Yaani nimo, kwa mbali, mtu aliyefungiwa ndani ya tangi. Aliyepo ni mama mkwe. Saa nzima! Anamsimulia mke wangu habari zangu, na kila ushauri ninaotoa anaujibu. Posa. Godoro. Taa ya chooni. Alipofika siku ile niliyojifungia nje nikiwa na taulo, ndipo wasikilizaji walipovuka mia mbili.

Nikampigia mwenye duka. Akauliza nembo inatazama wapi. Nikasema pazia. Kisha akasema, polepole, kwamba upande wa nembo ndio sikio lake. Ule mchoro wa moyo maana yake ndiyo hiyo: inasikia mbele, nyuma inaziba. Akasema hilo ndilo alilotaka kunieleza Jumatano. Wiki nzima nimeongea na mgongo wake.

Nikarudia rekodi kuanzia mwanzo, nijue aibu inaishia wapi. Dakika ya arobaini, mama anamuuliza mke wangu anavumiliaje haya yote. Mke wangu anajibu taratibu, nadhani uzi ulikuwa mdomoni. Anasema mwache, mama. Kazini hawamsikilizi. Huko ndani angalau anamaliza sentensi.

Nimeirudia sehemu hiyo mara tano. Sikujua kama anajua. Machozi yalinilenga, nikasingizia vumbi la mablanketi, ingawa chumbani nilikuwa peke yangu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimegeuza maikrofoni. Nembo inanitazama mimi. Na sauti yangu, jamani! Nene, laini, ya mtu wa kulisomea taifa zima taarifa. Saa nne nikaingia hewani. Mia tatu walikuwa wananisubiri! Nikaanza mada ileile, kwa ufasaha.

Dakika ya tatu, mia moja. Ya sita, kumi na mmoja. Wote wanauliza mama yuko wapi. Dakika ya nane alibaki Shemeji Kinyozi peke yake, naye akaaga kwa heshima. Ana mteja.

Mchana cherehani imeingia chumba cha nyuma. Mke wangu amesema wale mia walikuwa wa mama, na mama amekubali kukaa humo kila Jumamosi na vifungo vyake, nembo ikimtazama. Nilibeba meza ya cherehani upande mmoja, Kinyozi mwingine.

Nimefikiri sana. Kosa nimeliona. Ni maikrofoni! Ni safi kupita kiasi, inawatisha watu. Nahitaji nyingine, na chumba kingine. Nimepima bafuni. Ukuta mnene, mlango una komeo, hapana pazia. Inatakiwa tu maikrofoni isiyoogopa maji. Makala moja inasema zipo. Nyingine inasema inategemea maji gani. Nimeagiza.

Nilikuwa bado humo na futi yangu mke wangu alipogonga. Akasema ameweka kazi chini, mama amejilaza, na yeye amevuta kiti amekaa hapo nje ya mlango. Akasema nitoke, nimwambie yote ninayotaka kusema, tangu mwanzo. Hana haraka. Hatanikatiza.

Nikamwambia awe na subira. Maikrofoni inafika Alhamisi.