Kiti cha Meza Kuu

Jumatatu, 4 Machi

Msiba! Ujumbe wa Katibu umenikuta na mswaki mdomoni. Chama chetu, Chama cha Wafanyakazi wa Bustani na Viwanja vya Burudani, kimeamua kupunguza watu. Mwanachama yeyote ambaye mwaka huu hakuongoza shughuli wala kutumikia kamati, atafutwa kwenye mkutano mkuu. Mkutano wenyewe ni Jumapili hii. Mimi nasimamia bustani ya manispaa miaka nenda rudi, na kitu pekee nilichowahi kuongoza kwenye Chama ni foleni ya soda.

Kufutwa ningevumilia. Kazi ipo kwa mama mkwe. Tangu siku ya posa anasema binti yake kaolewa na mkata majani. Anasema mbele za watu, na mimi nipo! Ndiyo maana mwaka juzi ulimi ukateleza, nikamwambia mimi ni makamu mwenyekiti wa Chama. Tangu hapo nikifika kwake napewa kiti chenye mto. Leo kapiga simu. Kashonesha gauni. Anakuja Ijumaa, na Jumapili anataka kumwona kwa macho yake mkwe wake akiwa meza kuu.

Nimemweleza mke wangu, ambaye ukweli anaujua. Kasema njia ya mwongo ni fupi. Nimemjibu kwamba hata iwe fupi, sijafika mwisho. Hakucheka.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda ofisi ya Chama, kile chumba nyuma ya stoo ya uwanja wa mpira. Nimevaa tai. Nikaomba kamati. Zote zimejaa, isipokuwa Kamati ya Vyoo vya Umma. Nikasema nitafikiria. Mtu wa meza kuu haanzii chooni.

Mama Filimbi alikuwepo, kwa bahati mbaya yangu. Huyu ni msimamizi wa bwawa la kuogelea, na ndiye anayekagua nani ametumika kwenye Chama na nani hajatumika. Filimbi yake haitoki shingoni hata harusini. Hatuivi chungu kimoja tangu niliposema kikaoni kwamba bwawa la kuogelea ni kisima kilichopigwa vigae. Akaniuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kama nimekuja kuaga.

Damu ikanipanda. Nikasema nimekuja kuleta wazo. Sikuwa na wazo lolote! Nikafungua mdomo tu nikitumaini litakuja lenyewe, na kweli likaja. Nikasema: sisi tunawapumzisha watu mwaka mzima, je, sisi anatupumzisha nani? Tufanye Siku ya Mapumziko ya Wapumzishaji. Waje wote bustanini kwangu Jumamosi, wakae, wasifanye lolote.

Mwenyekiti akatoa leso. Ni mtunza uwanja wa mpira, mgongo umepinda kwa kuchora mistari ya chokaa. Akasema tangu aajiriwe hajawahi kukalia jukwaa la uwanja wake mwenyewe. Wazo likapita papo hapo.

Lakini Mama Filimbi hakosi neno. Kaweka sharti: shughuli yangu itahesabika tu ikiwa mtu atapumzika kweli, na atakayekagua ni yeye. Nikamwambia hewala. Kupumzika kuna ugumu gani? Watoto wachanga wanaweza.

Alhamisi, 7 Machi

Jana na leo nimeandika hotuba. Nzuri kupita kiasi. Mke wangu kaisikiliza hadi katikati, akakumbuka nguo kwenye kamba.

Pia kaniambia kitu kilichoninyima raha. Kasema watu hawa hawawezi kuona reki wakaiacha imelala. Ana haki. Mimi mwenyewe kwenye mazishi ya mjomba niling'oa magugu kaburi la jirani. Basi nimehamishia zana zote nyumbani. Reki, majembe, mikasi ya michongoma, mafagio, yamejaa chumbani kwetu, mengine chumba cha wageni. Toroli limelala upande wangu wa kitanda.

Jioni nikapiga randa lile benchi la kivulini. Mama mkwe Jumamosi atakuja bustanini na lazima akalie pale, na misumari ya benchi za manispaa ingemchania gauni, halafu lawama kwa nani? Nikang'oa misumari yote, nikaweka skrubu, nikazizamisha ndani ya mbao, nikapiga msasa mpaka mkono ukateleza. Nikauinua kidogo mgongo wa benchi, maana mama mkwe analalamika kiuno. Nilifanya kwa siri, ajuaye ni mke wangu tu, nikichungulia njia. Makamu mwenyekiti kuonekana na bisibisi ni aibu.

Ijumaa, 8 Machi

Mama mkwe kafika. Gauni ni la zambarau, lina mabega. Kauliza kwa nini kuna jembe chini ya kitanda chake. Nikasema ni utaratibu wa Chama, viongozi hulinda mali. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Wakati wa kula kaniuliza meza kuu ina viti vingapi na changu ni cha ngapi kutoka kwa Mwenyekiti. Nikasema cha kwanza, mkono wa kulia. Mke wangu akapaliwa na maji.

Kusema kweli niliogopa. Nikimwangalia mama mkwe akiuliza habari za kiti kile, macho yake yaling'aa. Hajawahi kuniangalia hivyo, hata siku ya ndoa. Sitaki arudi kuniangalia kama zamani.

Jumamosi, 9 Machi

Nimechoka kuliko punda wa machimbo. Kalamu yenyewe naishika kwa mikono miwili.

Asubuhi wakaja wote, wamevaa nguo safi, wamenawiri. Nikatoa hotuba. Wakapiga makofi. Nikasema, ndugu zangu, pumzikeni! Wakakaa kwenye nyasi. Kila mtu anaangalia kitu.

Aliyeanza ni mtunza makaburi. Nilimwona kabisa. Aliutelezesha mkono taratibu, akang'oa gugu moja, akalitia mfukoni. Nikamkemea. Nilipogeuka, yule dada wa uwanja wa watoto alikuwa ameshasimama chini ya bembea, mikono ameitanua tayari kudaka mtoto. Mtoto hakukuwepo! Bawabu wa bustani ya wanyama naye kashika lango langu, anawaambia wapita njia wasiguse vizimba. Vizimba gani?

Nikakimbia kwa bawabu. Huku nyuma wataalamu wawili wa michongoma wameanza ubishi. Mmoja anasema ua wangu ufike kifuani, mwingine anasema magotini. Mikasi nimeificha, lakini hilo halikuwazuia, wamevunja matawi kwa mikono. Kila mmoja kaanzia upande wake. Sasa ua wangu una kifua upande mmoja na magoti upande wa pili, na katikati hamna kitu.

Nikamkuta mtu anafagia. Fagio kapata wapi? Katengeneza mwenyewe kwa yale matawi! Nikamnyang'anya. Akanishukuru, akaanza kuokota makaratasi. Mwenyekiti, mzee wa watu, alikuwa anainamia kingo za njia. Nikamwomba akae. Akasema amekaa, mwanangu, rohoni amekaa kabisa, nimwache tu anyooshe hapa penye kona.

Mama Filimbi akawa anawapulizia filimbi wote wanaofanya kazi. Mwanzo nilifurahi, nikaona amenisaidia. Kisha nikashtuka: kupuliza filimbi si ndiyo kazi yake? Nikamwambia hivyo mbele ya watu. Nusura aimeze! Akaitia mfukoni kwa hasira, akaenda kukaa kwenye benchi la kivulini.

Kwenye benchi lile mama mkwe alikuwa amelala. Usingizi wa kukoroma, viatu kavua, gauni halina hata mkunjo. Mama mkwe aliamka, akasogea pembeni kumpisha, wakaanza mazungumzo. Nikapita karibu nikijifanya natafuta kitu. Nikasikia maneno mawili tu: "makamu mwenyekiti". Na Mama Filimbi akauliza, "Nani?"

Maji ya shingo. Sikusikia mengine kwa sababu mtu alikuwa anapanda mti wangu kukata tawi kavu kwa meno ya funguo.

Jioni nikamuuliza mke wangu kama mama yake kasema lolote. Akasema mama na yule dada wa filimbi wamepeana namba za simu. Sikuweza kula.

Jumapili, 10 Machi

Siku ya kuzikwa kwangu. Naandika ili watoto wangu waje wajue baba yao alivyotendwa.

Ukumbini nilikaa nyuma kabisa, jirani na mlango, mguu mmoja nje. Mama mkwe alikaa mbele na mabega yake ya zambarau. Hakugeuka kunitafuta. Hilo pekee lilitosha kunipa homa.

Mama Filimbi akasimama kusoma taarifa. Akasema Jumamosi, kati ya wanachama wote waliofika, hakupumzika hata mmoja, yeye akiwemo mpaka pale alipotukanwa. Wakacheka. Akasema aliyepumzika ni mmoja tu, naye ni mgeni, mama yetu huyu hapa. Mwenyekiti, ambaye machozi yake yako karibu, akasema mtu kama huyo hafai kukaa chini. Akaitwa meza kuu! Makamu mwenyekiti, yaani yule wa kweli, kaugua mafua hakuja, kwa hiyo kiti chake kilikuwa wazi. Cha kwanza, mkono wa kulia. Akakikalia mama mkwe.

Wakampa kipaza sauti. Nilitaka kukimbia, mguu wa nje ukaniacha, mguu wa ndani ukakataa.

Naandika aliyoyasema kama yalivyo. Alisema: "Mimi niliambiwa mkwe wangu ni makamu mwenyekiti. Jana nimeambiwa siye." Ukumbi ukavunjika mbavu. Akangoja wanyamaze. "Lakini mimi ni mjane. Tangu mwenzangu aende, sijalala mchana nje ya nyumba yangu. Nikikaa mahali pa watu, roho haitulii. Jana nililala kwenye benchi la mkwe wangu mpaka nikaota. Kabla sijakaa nilipitisha mkono kutafuta msumari, gauni hili jipya. Sikupata. Nikaegemea, kiuno kikashukuru. Nikajiuliza, benchi hili kalitengeneza nani? Binti yangu akaniambia. Basi mtu anayewaza mgongo wa mtu mwingine namna ile, binti yangu yuko mahali salama. Nilikuwa namwita mkata majani kwa kumdharau. Jamani, naomba radhi. Nakata maneno."

"Siye"! Mbele ya Chama kizima! Na "mkata majani" juu, kwa kipaza sauti!

Wote wakasimama kunizomea kwa makofi. Walipiga muda mrefu, wengine wanageuka kunitazama ili waone sura yangu. Mwenyekiti akatoa leso, nadhani alikuwa anaficha kicheko. Mke wangu alilia, kwa aibu bila shaka. Mama Filimbi, mnafiki mkubwa, akasema sharti lilikuwa mtu apumzike kweli na mtu kapumzika, kwa hiyo mimi sifutwi. Nimebakizwa kwa huruma! Na huruma yenyewe ya mtu wa kisima cha vigae!

Nyumbani nimejifungia chumbani na toroli.

Jumatatu, 11 Machi

Mama mkwe kaondoka asubuhi. Kituoni alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniita mwanangu, akaniomba siku nikipata nafasi niende nikamtengenezee benchi la barazani kwake. Nikatabasamu kwa nje. Ndani nilikuwa naungua. Kumbe nimeshuka mpaka kuwa fundi wake! Mke wangu alisema mama yake hajawahi kumwomba mkwe yeyote kitu, na wakwe anao watatu. Nikamwambia asimtetee.

Mchana kapiga simu Mwenyekiti. Chama kimeunda Kamati ya Mabenchi na Vivuli. Wasimamizi wote wanataka mabenchi kama langu, na kwa kauli moja wameomba niiongoze mimi. Mama Filimbi ndiye aliyetoa pendekezo, anataka mawili kando ya bwawa. Nikauliza kama mkuu wa kamati hiyo anakaa meza kuu. Mwenyekiti akasema hapana, hiyo ni kamati ya kazi. Nikamshukuru, nikakataa. Sikuzaliwa jana. Wanataka kunichimbia kwenye vumbi la msasa nisionekane.

Nimefikiri sana. Kosa langu nimeliona wazi: nililenga chini. Umakamu ni cheo kidogo, mtu yeyote anaweza kukiulizia kwa jirani yake akaambiwa siyo. Mtu akilenga juu kabisa, nani atathubutu kuuliza?

Jioni mama mkwe akapiga kusema kafika salama. Nikatumia nafasi hiyo. Nikamweleza kwamba baada ya yeye kuondoka, Chama kimekutana kwa dharura na kimenichagua mwenyekiti. Akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeridhika, akasema, "Haya, mwanangu, hongera." Safi kabisa, kaamini! Kasema mkutano ujao atakuja na dada zake wote waone.

Mke wangu alikuwa mlangoni, kasikia yote. Kajifunika uso kwa mikono, furaha imemzidi.

Uchaguzi ni mwezi wa tisa. Muda upo tele.