Pedali ya Kushoto

Ijumaa, 6 Juni
Pedali ya kushoto ya baiskeli ya mke wangu imepinda. Jumatatu saa moja asubuhi anaanza kazi kiwandani, baada ya kusubiri miezi minane. Akichelewa siku ya kwanza, nafasi anapewa mwingine. Wameshamwambia. Anataka baiskeli iende kwa fundi wa kona. Yule! Spana tatu zilizochakaa na majigambo ya kujaza gunia. Nimemwambia mke wangu atulie, mume yupo. Ameniangalia sana, kisha akasema, "Haya."

Jumamosi, 7 Juni
Duka la vifaa. Mama mwenye duka kanishauri ninunue spana moja tu, nzito, inayoenea pedali. Moja! Kwa bei hiyohiyo kulikuwa na sanduku zima la vipande hamsini na viwili, vinang'aa. Nikawa navichambua kimoja kimoja. Fundi wa kona akapita, akasema kwa sauti mchagua jembe si mkulima. Watu wakacheka. Nikanunua sanduku papo hapo.

Jioni nimeanza. Kila nati hufunguka kwa kuzungusha kushoto, mtoto mdogo anajua. Pedali haikusogea. Spana ya kwanza imepanuka mdomo. Ya pili imekatika. Vimebaki hamsini, hofu ya nini?

Jumapili, 8 Juni
Mafuta. Nyundo. Bomba la chuma kurefusha mpini. Nimelikanyaga kwa miguu yote miwili. Pedali imezidi kukaza! Mke wangu anapiga pasi sare yake. Heri angefoka.

Saa kumi na moja jioni kichwa cha pedali kimelika chote, spana haishiki tena. Nimeogopa, nakiri. Nikajifungia stoo. Mke wangu akagonga, nikafungua, akaitoa baiskeli na kuisukuma hadi kona. Nikamfuata kwa mbali. Fundi alikuwa anafunga kibanda. Akaniuliza nilikuwa nazungusha upande gani. Nikaonyesha. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume! Tangu jana jioni nimekuwa nikiikaza.

Akaibana kwa koleo kubwa, akasukuma. Haikusogea. Mke wangu kafumba macho, midomo inamcheza. Fundi akasukuma tena. Tena. Kwaa! Ikaachia, akafunga pedali nyingine. Sijawahi kumchukia mtu na kumshukuru kwa wakati mmoja hivyo.

Jumatatu, 9 Juni
Mke wangu amefika kazini dakika tano kabla ya saa moja. Nilipopata habari nilikaribia kulia. Aliporudi aliniomba, kwa upole, nisiguse tena kitu chochote kinachozunguka. Nimekubali.

Ila elimu haitupwi. Nimeelewa sasa: vya kushoto vyote hufunguliwa kinyume. Na jikoni kwa mama mkwe bomba linalovuja ni lile la kushoto! Nimemtumia ujumbe asihangaike kuita mtu, nakuja kesho asubuhi. Ameuliza kama afunge maji kwanza. Nimemjibu hakuna haja.