Kiti cha Marehemu Fulgencio

Jumapili ya Matawi, 24 Machi

Hakuna kitabu. Hilo nimelificha, na kwa kuwa daktari anasema moyo wangu sasa unapiga kwa kubahatisha, naliandika kabla sijazikwa nalo. Nimewaambia watu wote kwamba nimekuja Santa Rufina kuandika historia ya nyumba ya wageni ya Bi Otilia. Uongo mtupu! Nimekuja kwa ajili ya kiti.

Kiti chenyewe ni cha bembea, cha marehemu mumewe, Fulgencio. Jua likipoa, mji mzima hutoa viti vya bembea mlangoni. Bi Otilia hutoa viwili: chake na hicho. Anayekikalia, mji unamhesabu kuwa mchumba wake. Kwa sasa anakikalia Lisandro, sonara mstaafu, na jibini lake la zawadi mkononi. Mimi napewa kigoda. Mwalimu wa Kilatini, kigodani! Magoti yananigusa kidevu.

Chumba ni kilekile nilichopanga ujanani. Kulabu za kutundikia machela bado zipo. Enzi hizo meli za mvuke zilipiga honi mtoni, na Otilia, binti wa mwenye nyumba, alipita barazani na taa akitangaza nani ameshuka. Mto umehama, umetuachia tope na mabata. Leo nimesikia hatua zake barazani. Za polepole sasa. Nikakaa wima kitandani kama mwanafunzi.

Jumatatu, 25 Machi

Hila ya kwanza. Nilimweleza Bi Otilia, kwa sauti ya mtafiti, kwamba kiti cha Fulgencio ni kitu cha kale, hakifai kukaliwa na mtu. Akashtuka, akanishukuru, akakifunga kamba nyekundu. Ushindi!

Jioni Lisandro alikwenda kwake, akarudi na kiti chake mwenyewe. Kipana. Kina mto. Akanitazama pale chini, akauliza eti Mwalimu, historia inasemaje kuhusu vigoda? Bi Otilia alicheka mpaka akashika ubavu. Kicheko kilekile cha zamani. Nikasahau kukasirika.

Jumanne, 26 Machi

Hila bora zaidi. Kesho, Jumatano Kuu, bendi ya mji itawapigia marehemu nyimbo makaburini. Nimelipia wimbo aliokuwa akiupenda Fulgencio. Mjane ataguswa! Lakini wema usio na jina ni wema wa nani? Nikamwagiza Abundio, mkuu wa bendi, anitaje na mimi. Akakataa. Makaburini hutajwa wafu tu, akasema, tangu enzi za babu yake. Nikamng'ang'ania. Akafuta tarumbeta yake, akasema haya, Mwalimu, umeyataka mwenyewe.

Jumatano Kuu, 27 Machi

Ee Mungu wangu.

Mishumaa juu ya kila kaburi. Nilijibanza nyuma ya kaburi la padri, nikisubiri zamu yangu ya kuinamisha macho kwa unyenyekevu. Abundio akatangaza: Fulgencio Ospino! Kisha: na Evaristo Pupo!

Kofia zikavuliwa. Wanawake wakapiga ishara ya msalaba. Lisandro akamaka: "Mwalimu? Si mchana huu kamaliza samaki wawili!"

Bi Otilia hakucheka. Mshumaa ulimtoka mkononi. "Masikini," akasema. "Na alikuwa bado hajasema alichokuja kusema."

Lisandro akamjibu kwamba jambo hilo mji mzima unalijua, hata mabata.

Hapo nikakohoa. Vurugu! Lisandro, na nyonga yake mbovu, aliruka makaburi mawili. Bi Otilia alibaki papo hapo. Aliniita mpumbavu, akarudia, akarudia tena, huku ameshikilia mkono wa shati langu. Hakuuachia mpaka nyumbani.

Alhamisi Kuu, 28 Machi

Habari za ufufuo hutembea kwa magongo. Asubuhi nzima majirani wameleta vyakula vya msiba. Nimekula supu ya matanga yangu mwenyewe. Imepungukiwa chumvi.

Jioni Bi Otilia alifungua ile kamba nyekundu, akakisogeza kiti cha Fulgencio karibu na chake. Lisandro alijibebea kiti chake kwenda kwake. Akanisalimia: "Hujambo, marehemu? Ukichoka kukaa, niite." Jibini alituachia.

Nikaketi. Nikabembea. Upepo ulileta harufu ya tope, na kwa kitambo kidogo nilingoja honi.

"Haya, Mwalimu," Bi Otilia akasema. "Mwakani Abundio atakutaja kwa haki. Sema sasa."

Nikafumbua mdomo. Nikamwambia boriti za paa lake zina mchwa.

Alibembea kwa muda mrefu. Kisha akakubali kwamba ni kweli, mchwa wapo.

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Alfajiri moyo ulisimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Kisha ukaendelea. Hakuna muda wa kupoteza.

Nimepata hila safi kabisa! Siku ya Pasaka, watu wakitoka kanisani, Abundio atamwambia Bi Otilia maneno yangu kwa sauti kuu, bendi nzima nyuma yake. Nimeshamwagiza. Safari hii, nimemsisitizia, asithubutu kutaja jina langu.

Maneno yenyewe nimeyajaribu hapa. Kwanza niliyaandika kwa Kilatini, Bi Otilia asije akayasoma. Kilatini nimekifuta. Ni haya: nampenda Otilia, tangu ile taa.