Mwanamume Aliyesikika Chumbani Kwangu

Leo nimeaibika mtaa mzima, na nakuhadithieni mwenyewe kabla hamjahadithiwa.

Kesho diwani anakutana na wananchi. Mkutano uliopita nilikwenda peke yangu, nikasimama kuuliza habari za mtaro wetu ulioziba, nikababaika, nikakaa. (Miaka yote ile ya ualimu!) Safari hii nikaamua kufanya mazoezi. Wengi tunadhani siasa hutengenezwa na wenye fedha za kuchangia. Siyo. Hata swali moja fupi, lisilo na matusi, linalodai jibu lenye tarehe, husukuma jambo.

Basi alasiri nikaweka kiti katikati ya chumba, nikakivika kofia ya marehemu mume wangu. Huyo ndiye diwani. Nikauliza. Lakini kuuliza bila ya kujibiwa ndiyo maisha yangu ya kila siku tangu nifiliwe, kwa hiyo na majibu nikayatoa mimi, kwa sauti nzito ya kiume.

Diwani alikuwa mkaidi. Nikampandishia sauti, akanipandishia. Dirisha wazi. (Nyumba za Mji Mkongwe mnazijua: ukipiga chafya, jirani wa upande wa pili wa kichochoro anakuombea rehema.)

Mlango ukagongwa. Bi Zuhura, jirani wa chini, na nyuma yake shemegi yangu Haji, mdogo wa marehemu, kashika bakora.

"Mwanamume huyo nani?" akauliza Haji.

"Hamna mwanamume."

"Nshamsikia mimi," akasema Bi Zuhura. "Anakwambia usubiri mpaka bajeti ijayo."

Kichochoroni watu walishajaa. (Mkutanoni sijawahi kuuona umati ule.) Haji akaingia, akachungulia uvunguni, akafungua kabati. Kisha akakiona kiti. Akaitambua kofia ya kaka yake. Bakora ikashuka.

"Shemegi," akasema polepole, "unazungumza naye kila siku?"

Ikanibidi nieleze kuwa yule si marehemu, ni diwani.

Bi Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi, akaenda dirishani kuwatangazia waliokuwa wakisubiri: "Hamna mtu! Anagombana na kiti!" Kicheko nadhani kilifika sokoni Darajani.

Nikathubutu kuwaomba kesho tufuatane. Haji ana shughuli. Bi Zuhura ana wageni. Wakateremka ngazi wakiendelea kucheka, nyumba ikanyamaza.

Basi nakuombeni, msinicheke leo. Mwenye kicheko chake aje nacho kesho mkutanoni. Nitamwekea nafasi ubavuni kwangu.