Kinachoshika Rangi Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Ugunduzi mkubwa! Dukani kwetu tunauza rangi za nyumba, na nyeupe tunaichanganya wenyewe huko nyuma. Leo limeingia gunia jipya la ule unga unaoifanya rangi iwe nzito isichuruzike. Bosi huuza tu, hasomi. Mimi husoma kila kilichoandikwa juu ya kila kitu. Jina la unga: selulosi, na maneno mengine marefu. Nikajiuliza hili jina nimeliona wapi. Jioni nikaliona tena. Jikoni kwangu! Kwenye kopo la mke wangu, analotumia kutengenezea aiskrimu ya kuuza.

Nikakaa chini. Kinachoshika rangi ukutani kinashika nini tumboni? Tumbo langu linajaa gesi tangu mwaka uanze. Sasa najua.

Nikatangaza mezani. Shemeji, yaani mdogo wake mke wangu, ni muuguzi. Alikuja kukaa kwetu wiki moja, mwaka juzi. Akasema hata maji yanatiwa kwenye rangi, je, maji nayo nimeacha kunywa? Binti yangu akacheka hadi chai ikamtokea puani. Mke wangu akasema tumbo langu linajaa kwa sababu siwezi kuiacha sufuria ikiwa na kitu ndani. Mtu wa utafiti habishani, anapima.

Jumanne, 4 Machi

Jaribio la kwanza. Nimepaka ubao nyuma ya nyumba: upande mmoja rangi ya dukani, upande wa pili aiskrimu. Zote mbili zimeshika! Baadaye sisimizi wakaja upande wa aiskrimu, kisha wakaita jamaa zao. Hilo halihusu utafiti. Nimeliandika kwa ukamilifu tu.

Jaribio la pili, tumbo langu mwenyewe. Nimekula vikombe vinne vya aiskrimu mfululizo. Tumbo likajaa kama ngoma. Ushahidi! Shemeji akauliza kwa nini sikula na vikombe vinne vya maharage nikalinganisha. Halafu akawa muuguzi kidogo. Akasema kweli wataalamu bado wanafuatilia baadhi ya unga wa aina hii, na wapo watu ambao matumbo huwajaa wakiula mwingi, hao wapunguze. Lakini wa chakula umesafishwa kwa ajili ya kuliwa, unaotiwa ni kidogo sana, na wa rangi hauliwi kabisa. Sehemu ya kwanza nimeiandika na kuipigia mstari. Sehemu ya pili ilikuwa ndefu.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwomba mke wangu aache kutia ule unga. Nimemwomba kwa upole, baada ya kumbebea ndoo mbili za maji. Akaniita Baba Watoto. Akiniita hivyo najua mlango umefungwa. Keshokutwa ni siku ya michezo shuleni. Aiskrimu ya shule nzima ni yake, na mwalimu mkuu amesema ikiwapendeza watoto atampa kile kibanda cha karibu na geti auzie humo. Miaka yote hii anauzia dirishani, jikoni. Kibanda kile anakiota mchana, macho wazi. Kwa hiyo nisiguse kopo lake kwa mikono yangu ya rangi.

Nimemwelewa. Na nimeamua kumwokoa kimyakimya. Alipokwenda kuoga nikamimina unga wake wote kwenye mfuko, nikauficha ndani ya begi langu la kazi. Kopo nikalijaza unga wa mchele. Ule wake alikuwa keshauchanganya na sukari na vanila, huwa anafanya hivyo ili usiwe madonge. Wangu hauna vanila. Lakini ni mweupe vilevile. Nani atagundua?

Jambo baya zaidi: nimesoma dawa ya meno. Selulosi! Nikasugua kwa chumvi. Nikasoma chupa ya dawa ya tumbo niliyopewa na Shemeji. Selulosi! Na chupa imebaki nusu.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu anapika mchanganyiko. Akasema leo mwepesi. Akaongeza unga. Akaongeza tena. Akaniuliza kama kopo limeingia unyevu. Nikasema ni hali ya hewa. Shemeji akachovya kijiko, akakitazama kijiko, akanitazama mimi. Muuguzi akikutazama hivyo unahisi homa inapanda. Nikajitolea kuosha masufuria yote. Mke wangu akanishika paji la uso kuona kama ni mzima.

Jioni nimefungua friza. Imeganda kama jiwe! Nani alisema haiwezekani bila selulosi?

Ijumaa, 7 Machi

Imeganda kupita kiasi. Mtoto wa kwanza alivunja kijiko. Wa pili alivunja kijiko na kulia. Mke wangu akawaomba wasubiri ilainike. Jua lilikuwa kali. Ikalainika. Ikaendelea kulainika. Mwalimu mkuu alipofika na wageni wake, meza nzima ilikuwa vikombe vya maziwa yenye vipande vya barafu.

Mke wangu akavipanga vikombe, akavipanga upya. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi kuhusu afya ya matumbo. Nikairudisha mfukoni. Lile jambo la kibanda likanijia lote kwa pamoja, na tumbo langu, kwa mara ya kwanza wiki hii, likawa tupu kabisa.

Ndipo wakarudi watoto wa mbio ndefu, ndimi nje. Hawakuuliza vijiko. Wakainua vikombe, wakanywa, wakaomba tena. Mbio za magunia zikachelewa kwa sababu ya foleni! Mwalimu mkuu akanywa kimoja. Cha pili akasema anampelekea mgeni, akakinywa yeye njiani. Akasema kwenye jua kama hili nani anataka kulamba, watu wanataka kunywa, na huyu mama ana akili. Kibanda kapewa!

Jioni mke wangu akaonja kilichobaki kwenye kopo. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba unga wa mchele anaujua tangu hajaota meno. Nitaosha vikombe mpaka atakaposema basi. Akauliza unga wake uko wapi. Nikasema nitamnunulia mwingine. Kisha akaanza kucheka, akashindwa kuacha, akanipakulia chakula kingi kuliko cha Shemeji.

Matokeo: utafiti umefaulu. Bila mimi kibanda asingekipata.

Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu mkuu kaja dukani kutaka rangi nyeupe ya kupaka kile kibanda. Bosi hayupo. Gunia la selulosi limenyeshewa, limekuwa donge moja. Rangi inachuruzika kama maziwa ya Ijumaa. Mteja anasubiri. Nikalikumbuka begi langu. Jina lilelile! Tena huu umesafishwa, Shemeji mwenyewe kasema. Nikamimina wote, nikakoroga. Rangi ikawa nzito, laini, na inanukia vizuri. Mwalimu mkuu akasema hajawahi kuona rangi yenye harufu nzuri namna ile.

Alhamisi, 13 Machi

Leo mke wangu amefungua kibanda. Ukuta wa mbele, mweupe kabisa, ulikuwa na mistari myeusi. Mwalimu mkuu akadhani ni mapambo, akakisifu kibanda, mpaka aliposogea karibu. Mistari ilikuwa inatembea. Sisimizi, wamepanga foleni nzuri kuliko ya watoto. Shemeji akaunusa ukuta, akatamka vanila, akalazimika kushika nguzo asianguke kwa kicheko. Mke wangu akaketi juu ya ndoo akicheka hadi machozi, akasema angalau wateja wa kwanza wameshafika. Bosi hakucheka. Jumamosi napaka upya, rangi yake, jasho langu.

Jioni nimekaa nyuma ya nyumba na ule ubao wa jaribio la kwanza. Nimefikiri kwa utaratibu. Sisimizi hawakufuata selulosi. Walifuata sukari! Na mimi chai yangu natia vijiko vinne, na tumbo bado linajaa. Kumbe adui ni huyu. Maskini selulosi, nimeionea bure.

Jumapili mke wangu ana oda kubwa, ya kwanza ya kibanda. Sasa hivi amekwenda kuoga. Sukari yote iko ndani ya begi langu la kazi. Chumvi nayo ni nyeupe vilevile. Nani atagundua?