Shiraz Si Mji wa Juzi

Jumamosi, 11 ya mwezi wa Ordibehesht
Haki ya Mungu nimechoka kusikia kwamba Shiraz ilianzishwa na gavana wa Kiarabu. Kila Siku ya Shiraz mtu husimama ukumbini na kuurudia upuuzi huo, na watu wazima na akili zao wanatikisa vichwa kukubali. Vibao vya udongo vya Takht-e Jamshid, magofu ya kasri la wafalme wetu wa kale, vinalitaja jina la mji wetu miaka elfu na ushei kabla gavana huyo hajazaliwa! Jumatano, Siku ya Shiraz yenyewe, watanisikia. Hotuba iko tayari. Mwaka mzima nimeiandika, duka langu la miwani limedorora. Potelea mbali.

Jumapili, 12
Mwenyekiti wa kamati ya sherehe, Bibi Golandam, kaja dukani kuniomba nihutubie. Nikakataa, kama mtu yeyote aliyelelewa vyema anavyokataa mara ya kwanza. Nikasema mimi ni nani, yupo Bwana Bahador mfamasia. Hapo alitakiwa anisihi. Akashukuru, akavuka barabara kwenda kwa Bahador. Mtu wa Tehran, utamwambia nini. Na Bahador kakubali papo hapo. Hana haya.

Jumatatu, 13
Mpango: Bahador aje kula, aone hotuba yangu, aingiwe na aibu, ajitoe mwenyewe. Mke wangu Mahrokh kapika wali wa kabichi. Bahador kala, kaongeza, kasoma. Akasema, "Ndugu yangu, hii kazi nzito." Nikajibu kwa adabu, tunavyojibu sote: si kitu, ni yako, chukua. Akaikunja, akaitia mfukoni.

Mahrokh kauliza kwa nini sikumnyang'anya. Nimnyang'anye mgeni? Nyumbani kwangu?

Jumanne, 14
Nimekwenda duka la dawa kuidai kwa ujanja. Nimenunua dawa ya kikohozi, wala sikohoi. Nikasema natumaini hotuba haimsumbui. Akasema hata kidogo, kabadilisha jina tu pale juu.

Jumatano, 15
Kasoma neno kwa neno. Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Mahrokh naye! Nilipomkemea akasema, "Si ulitaka watu wajue? Haya, wamejua."

Alhamisi, 16
Leo muuza mkate kanifundisha mimi, mimi, habari za vibao vya Takht-e Jamshid, eti ni ugunduzi wa Bwana Bahador.

Basi. Nimelifikiria upya suala zima. Kibao kutaja jina ndiyo mji? Jina hata kichochoro kinalo. Nimeanza hotuba ya mwakani: Shiraz ilianzishwa na gavana wa Kiarabu, na anayebisha hajui historia. Safari hii Bahador atakoma.